Kicheko na Lafudhi ya Jirani

Je, ni halali mtu ajipatie riziki kwa kuigiza matamshi ya kabila lisilo lake? Wako wanaojibu mara moja kwamba mzaha hauna ubaya, na wako wanaosema kila mzaha wa namna hiyo ni dharau. Nionavyo mimi, majibu yote mawili ni ya haraka mno.

Tuchukue mfano wa Mzee Ojwang wa Kenya. Watazamaji wa KBC walimjua kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi, pamoja na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, ambaye lugha yake haina sauti ya "sh", hivyo "shida" huwa "sida" na "shamba" huwa "samba". Walakini jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alipofariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, Wakenya wa makabila mbalimbali walimlilia.

Wahenga wetu walilijua jambo hili kwa jina la utani. Mnyamwezi humdhihaki Mzaramo, na Mzaramo hukasirika kwa kucheka tu. Lakini utani una sheria zake. Kwanza, anayetaniwa ana haki ya kujibu papo hapo. Pili, mtani ana wajibu: siku ya msiba yeye ndiye mwenye kazi, na mzaha wake huwafuta wafiwa machozi. Anayecheka nawe bila kukuzika si mtani wako, ni mpita njia.

Sasa tazama vyombo vilivyokuja baadaye. Jukwaani, kama walivyofanya Muungano na DDC Kibisa jijini Dar es Salaam, mchekeshaji alionana uso kwa uso na watu aliowaigiza, na wakichukia alijua usiku uleule. Redioni hali ikabadilika: sauti husikika Busisi, lakini mtu wa Busisi hawezi kuijibu. Televisheni ikaongeza mavazi na sura. Haki ya kujibu imepotea, kwa hiyo mzigo wote wa adabu umebaki kwa mchekeshaji.

Kwetu huku kanda ya ziwa tunaujua uzito wa mzigo huo. Kisukuma hakina "r", na Msukuma asiyezoea husema "habali". Katika vichekesho vingi, mtu akitamka hivyo, watazamaji wamekwisha kujua kwamba ndiye mshamba atakayeibiwa fedha zake mjini. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na mtoto hodari wa hesabu aliyeacha kunyoosha mkono darasani, kwa sababu kila akifungua kinywa wenzake walimwigiza kama walivyosikia redioni. Jibu alikuwa nalo daftarini, lakini hakuthubutu kulisema. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Yako wapi basi mipaka? Napendekeza kipimo kimoja: iondoe lafudhi, kisha uangalie kama kicheko kinabaki. Ojwang alikuwa mume mkaidi anayegombana na mkewe, na ukaidi huo uko katika kila nyumba, ya Mkikuyu, ya Mjaluo na ya Msukuma. Tulimcheka mtu mzima, naye akatuonyesha sura zetu. Lakini pale ambapo lafudhi ndiyo mzaha wote, ukiiondoa hakibaki kitu ila dharau.

Mtu anaweza kunipinga kwa hoja nzito. Wakenya walimcheka Ojwang kwa miaka mingi, hata hivyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waliuana kwa sababu ya makabila. Kicheko kilisaidia nini? Nakubali kwamba kicheko hakizuii panga. Ugomvi ule ulikuwa wa ardhi na madaraka, na mchekeshaji hagawi ardhi wala hahesabu kura. Lakini hoja hiyo haimpi mtu ruhusa ya kudharau. Kinachoshindwa kujenga peke yake kinaweza kubomoa peke yake: mtoto yule hakunyamazishwa na panga.

Kwa hiyo mwigize jirani yako ukitaka, ndugu msomaji. Lakini kwanza jiulize kama ungeweza kumwigiza hivyo akiwa ameketi mbele yako, na kama siku ya msiba wake utakwenda kuchimba kaburi.