Somo la 8: Bei Kamili, Mbele ya Mashahidi

SABATO ALASIRI

Fungu la Kukariri: Waebrania 11:10.

Ibrahimu alipoondoka Harani alikuwa na umri wa miaka 75 (Mwanzo 12:4), naye Sara alikuwa mdogo kwake kwa miaka 10 (Mwanzo 17:17). Sara alifariki akiwa na miaka 127. Kwa hiyo, tangu walipoingia Kanaani ilikuwa imepita miaka 62 hivi ya kufunga na kufungua mahema, na hawakuwa na kiwanja hata kimoja. Nchi yote ilikuwa yao kwa ahadi, lakini mkononi hawakuwa na hata mahali pa kuweka mguu (Matendo 7:5).

Mahali pa kwanza walipomiliki palikuwa kaburi. Hata hivyo, Biblia imetenga sura nzima kueleza jinsi palivyonunuliwa: walikuwepo akina nani, bei ilikuwa kiasi gani, mipaka ilifika wapi. Somo la juma hili linaonyesha jinsi imani inavyopimwa pale mume na mke wanapotafuta nyumba yao ya kwanza.

JUMAPILI: Mgeni Langoni

Soma Mwanzo 23:3–9. Ibrahimu alijitambulishaje kwa wana wa Hethi? Kwa nini hakutaja ahadi aliyopewa na Mungu?

Ibrahimu alikuwa ametoka kumlilia mkewe. Angeweza kusema, "Mungu amenipa nchi hii," kisha akachimba kaburi alipotaka. Badala yake alijiita mgeni, akainama mbele ya wenyeji, akaomba wamwombee kwa Efroni. Pia alikuwa amekwisha kuuliza: alilijua pango, alimjua mwenyewe, alijua liko mwisho wa shamba lake.

Ahadi ya Mungu haikumpa Ibrahimu ruhusa ya kuiruka haki ya jirani yake. Muumini akishasema, "Bwana amenionyesha nyumba hii," bado ana wajibu wa kuuliza ni ya nani, mipaka yake ni ipi, na kama kuna mtu anayeidai. Anayeuliza hajapungukiwa na imani.

JUMATATU: Bei Kamili

Soma Mwanzo 23:10–18. Kwa nini Ibrahimu alikataa kupewa shamba bure?

Kitu kilichotolewa kwa maneno matamu mbele za watu huweza kudaiwa tena hasira zikipanda. Ibrahimu alitaka jambo lililo wazi. Efroni alipotaja shekeli 400 za fedha, Ibrahimu alizipima kwa kipimo cha wafanyabiashara, ili asiwepo wa kusema zilipungua. Lango la mji ndilo lililokuwa baraza na mahakama ya siku zile, na wote waliopita hapo wakawa mashahidi wa shamba, pango, na kila mti uliokuwa ndani ya mipaka.

Miaka mingi baadaye, Yakobo akiwa kitandani pa mauti huko Misri, aliwaagiza wanawe wamzike katika pango lile lile, akawakumbusha kwamba babu yake alilinunua kwa Efroni (Mwanzo 49:29–32). Mauziano yaliyofanyika mchana mbele za watu yaliwatunza hata wajukuu.

JUMANNE: Sahihi Iliyokosekana

Soma Mika 2:1, 2. Nabii anawalaumu watu kwa kosa gani kuhusu nyumba?

Chukua mfano wa mume na mke wa Mwanza. Wamepanga vyumba viwili kwa miaka 11, wakilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mume ni seremala, mke anauza vitenge sokoni, na akiba yao imo SACCOS. Dalali amewatembeza. Nyumba ya kwanza iko bondeni, mvua inapopitisha maji. Ya pili imewekwa rehani benki. Ya tatu, huko Buswelu, ina vyumba vitatu, na bei yake ni nafuu kuliko zote. "Mama, Mungu amewafungulia mlango," dalali anasema. "Mwenye nyumba ana shida, anataka fedha kabla ya Ijumaa."

Katika ofisi ya serikali ya mtaa mkataba umekwisha kuandikwa. Mke anamwuliza muuzaji, "Kaka, wifi yuko wapi? Mbona jina lake halimo?"

"Yuko kijijini, dada yangu. Mambo ya nyumba tunayamaliza sisi wanaume."

Mume anaweka kalamu mezani. Kesho yake wanapanda basi kwenda kumtafuta mama huyo. Wanamkuta akimuuguza mama yake mzazi, hajaambiwa lolote, akitarajia kurudi nyumbani kwake wiki ijayo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini Mika alikwisha kusema zamani. Nyumba ile ilikuwa nafuu kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa akiilipa.

Wale wawili wanarudi kwenye vyumba vyao na kupanga miezi 14 mingine. Nyumba wanayonunua hatimaye ni ndogo zaidi, iko mbali zaidi na kanisa, na bei yake ni kubwa zaidi. Muuzaji na mkewe wote wawili wanatia sahihi.

JUMATANO: Hati Katika Chombo cha Udongo

Soma Yeremia 32:6–15. Ni hatua zipi alizochukua nabii?

Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na Wababeli, naye Yeremia amefungwa. Hata hivyo alilipa shekeli 17 kwa shamba la Anathothi, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, akaagiza nakala zote mbili, ya muhuri na ya wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo. Ahadi ya Mungu ilimfanya awe mwangalifu na karatasi. Je, hati na stakabadhi za nyumbani kwako ziko wapi, na mwenzi wako anajua?

ALHAMISI: Ukuta wa Darini

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8, Matendo 18:1–3, 1 Wakorintho 16:19.

Torati ilimtaka mwenye nyumba mpya ajenge ukuta kuzunguka dari, asije mtu akaanguka. Alipaswa kufikiri usalama wa atakayefika kwake. Akila na Prisila, washona mahema waliofukuzwa Rumi, walimpokea Paulo Korintho, na baadaye kanisa likakutana nyumbani mwao. Biblia haisemi kama walinunua au walipanga. Anayengoja kununua anaweza kuufungua mlango wake leo.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Ni alama gani zinazotofautisha mlango uliofunguliwa na Mungu na haraka ya dalali?

2. Kanisa lenu linaweza kuwasaidiaje wanandoa vijana kukagua nyumba au kiwanja kabla ya kulipa?

3. Ibrahimu alilipa bei kamili ya kaburi, huku akiutazamia mji uliojengwa na Mungu. Tumaini hilo linabadilishaje namna ya kuishi katika nyumba yenye hati ya jina lako?