Injini ya Watu

Mzee wa kamati ya maonyesho ya magari alivaa miwani, akainama chini ya boneti, akapangusa kwa kidole pale namba inapogongwa, akanyanyuka. "Hii si Camaro," alisema. "Ni mzoga uliotiwa injini ya watu." Akalifuta jina la shemeji yangu kwenye orodha ya magari ya 1969, palepale uwanjani, hapa Michigan, watoto wake wakisikia. Mpaka leo linanikaba.

Fasili za utambulisho wa kitu tuzipite. Merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja, kila mwanafunzi wa falsafa ameshaipanda. Shemeji alitoa injini ya kabureta akaweka LS3 ya lita 6.2, breki za diski magurudumu yote manne, na giaboksi ya gia sita. Bodi, milango na usukani ni vilevile. Wapo wanaosema gari kama hili ni ushahidi wa zama zake, lisiguswe. Wana hoja, wala sina la kuwajibu.

Lakini huyu wa namba! Kwake nafsi ya gari imo kwenye injini, kwa kuwa kiwanda kiligonga kwenye bloku tarakimu za mwisho za namba ya chasisi. Zikilingana, gari halali, zisipolingana, haramu. Basi aliyenunua Camaro mpya, injini ikapasuka miezi miwili baadaye, akabadilishiwa kwa dhamana, gari lake lilikufa huku bado analilipia mkopo? Na mbona tapeli mwenye nyundo na seti ya tarakimu za chuma anaweza kuifufua nafsi hiyo kwa nusu saa? Tena gari la mzee mwenyewe, lile lililovishwa utepe, lina matairi ya mwaka jana, betri ya juzi, na linakunywa petroli isiyo na risasi. Hivyo havihesabiwi, anasema, ni vitu vya kuchakaa. Jamani, kwani injini haichakai?

Halafu tarakimu zenyewe za enzi hizo, hapa huwa najisahau. Nguvu za farasi zilipimwa injini ikiwa imefungwa kwenye mtambo wa kupimia, bila filta ya hewa wala ekzosi ya barabarani. Mwaka 1972 zilipoanza kuandikwa kwa kipimo cha injini ikiwa na mizigo yake yote, farasi wengi walitoweka kwenye karatasi, na zizi halikuvunjwa. Camaro Z/28 ya 1969 nayo iliandikiwa farasi 290 tu, na waliowahi kuikanyagia mafuta hadi mwisho walicheka. Ndizo namba za kuapia hizo!

Injini ya zamani iko gerejini, imelazwa juu ya matairi mawili, imefunikwa turubai. Juzi alikuja kijana na trela: ana bodi tupu ya Camaro ya 1969, anaitaka. Thomas Hobbes aliliona jambo hili karne ya 17, alipomfikiria mtu anayeziokota mbao kuukuu za merikebu ile na kuziunga upya. Shemeji alitaja bei, kijana akatoa pochi. Nikajikuta nimesimama mbele ya turubai.

"Shemeji, hii usiiuze."

"Kwa nini? Si wewe uliyesema injini ni kifaa tu?"

Nikainama, nikaanza kulichomeka turubai lilipokuwa limefunuka.