Maneno Kinywani mwa Mwingine

Atokapo mtu katika jumba la sinema, hutoka na maneno. Huyarudia njiani, huyatia katika utani barazani, na akiulizwa ni ya nani hutaja jina la steringi; akijidai mjuzi, hutaja la mwongozaji. Yule aliyekaa chumbani na kalamu, akalipima neno hata likatua pahala pake, hatajwi. Nauliza basi: mtu huyu amedhulumiwa, au amekwisha pata ujira wake?

Kwetu watu wa mwambao swali hili si geni. Watunzi wetu wa tenzi aghalabu walilitaja jina lao katika beti za mwisho, wengine pamoja na nasaba na tarehe, na papo hapo wakaomba radhi kwa makosa. Hayakuwa majivuno. Alikuwa akisema: ikionekana kasoro humu, nijieni mimi. Ghazali za Kiurdu nazo zina desturi iliyo jirani na hiyo, kwani mshairi huitia lakabu yake katika ubeti wa mwisho. Ndiyo maana sishangai kwamba mmoja wa waliosimama kulidai jina katika sinema ya Kihindi alikuwa mtoto wa mshairi.

Huyo ni Javed Akhtar, mwana wa Jan Nisar Akhtar. Alishirikiana na Salim Khan, aliyekuwa mwigizaji hapo awali. Hawakujulikana kwa kuongoza filamu. Kazi yao ilikuwa kisa na majibizano. Mwaka 1973 ilipotoka picha yao Zanjeer, mabango yake mjini Bombay hayakuwa na majina yao. Inasimuliwa kwamba walimkodi mpaka rangi, akazunguka mjini akiyapiga chapa majina yao juu ya mabango, na kwa haraka zake mengine yakaangukia nyuso za waigizaji. Watu hukicheka kisa hiki. Mimi nakiona kizito.

Mwaka 1975 zikafuata Deewaar, iliyoongozwa na Yash Chopra, na Sholay ya Ramesh Sippy. Majibizano ya Sholay yakatiwa katika santuri, na watu wakayanunua kama wanunuavyo nyimbo. Katika Deewaar, kaka aliyetajirika kwa magendo anamhesabia mdogo wake, askari polisi, mali yote aliyo nayo. Mdogo anamjibu kwa maneno machache tu kwamba yeye anaye mama. Kamera ingeweza kuwekwa upande wowote. Bila ya jibu lile pasingekuwa na kitu cha kupigwa picha. Nakiri kwamba neno la karatasini lilihitaji sauti ya Shashi Kapoor ili lipate uhai, ila kumlea mwana si kumzaa.

"Lakini walilipwa," utaambiwa. Hoja hii ndiyo nisiyoikubali kabisa. Mfasiri naye hulipwa kwa ukurasa, na ni vitabu vingapi vimetoka jalada lisimtaje? Fedha hulipia kazi. Hailipii ukweli wa nani aliyeifanya.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi: ikhlasi. Wema ulio bora ni ule uliofichwa, na nyimbo ngapi za ngomani, zilizotungwa na akina mama, hatuwajui watunzi wake na utamu wake haukupungua! Ni kweli. Lakini sitara huichagua mwenye jina. Akichaguliwa na mwingine, sitara hiyo hugeuka wizi.

Na hapa ndipo linaponisumbua jambo la Dalton Trumbo wa Marekani. Mwaka 1947 alikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti Hollywood. Studio zikampiga marufuku, na mwaka 1950 akatiwa gerezani. Kisa cha Roman Holiday ni chake, lakini mwandishi mwenziwe, Ian McLellan Hunter, alikubali kumwazima jina. Picha ikatoka mwaka 1953, kisa kikapata tuzo ya Oscar, na aliyetunukiwa sanamu ni Hunter. Malipo ya kisa yalimfikia Trumbo.

Je, Hunter alikuwa mwongo? Alisema uongo mbele ya umma, naam. Ila alilishika jina la mwenziwe kama amana, tena katika hatari, na baadaye naye akapigwa marufuku. Simweki fungu moja na wenye mabango ya Bombay, ingawa kwa macho matendo yao yanafanana, kwamba jina la mwandishi halikuonekana. Yeye alilificha kwa ridhaa ya mwenyewe. Wao hawakuona kwamba palikuwa na jina.

Amana hurudishwa. Mwaka 1960 jina la Trumbo likaonekana tena katika Spartacus na Exodus. Alifariki mwaka 1976. Mwaka 1993 mjane wake, Cleo, akakabidhiwa tuzo ya Roman Holiday, na mwaka 2011 chama cha waandishi kikalirudisha jina lake katika picha hiyo. Lakini sanamu ile ya kwanza ilibaki upande wa familia ya Hunter, ikabidi itolewe nyingine. Kisa kimoja, sanamu mbili. Mrithi wa mtu aliyeazima jina lake kwa wema, naye hurithi deni?