Kihamba na Hatifungani

Tangu KNCU ianzishwe mwaka 1933, kahawa imesomesha watoto wengi wa Kilimanjaro. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliopanga viwango vya mauzo ulipovunjika, bei ilianguka. Aliyekuwa na migomba, magimbi na ng'ombe kando ya mibuni alikuwa bado na chakula.

Leo tunaulizana baada ya ibada: tung'oe mibuni tupande parachichi? Tununue hatifungani, vipande vya UTT, au kiwanja Moshi mjini? Kutawanya mali ni busara. Hata Mhubiri, katika sura ya 11, anatushauri tugawe mafungu. Lakini baada ya hesabu imani inatuuliza: tunatawanya kwa ajili ya nani? Aliyelima kihamba alikipokea kwa wazee, akijua atakiacha kwa wengine. Tukikiuza chote kwa kukimbilia faida ya mwaka huu, tumekula fungu la wasiozaliwa.

Basi kabla ya kutia saini, tuketi na familia nzima, na mabinti wakiwemo, ambao mila iliwaweka pembeni. Tumkumbuke pia mjane jirani. Soko litabadilika tena. Deni letu kwao litabaki.