Je, ya Mbali Yapita ya Karibu?

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kuleta mbele ya wasomaji neno moja ambalo limenisumbua moyoni muda mrefu. Neno lenyewe ni hili: mtu aliyesafiri mbali katika nchi za ng'ambo, je, ameona mengi kuliko yule aliyetembea siku moja tu katika nchi yake? Wengi watanijibu upesi, "Ndiyo, yakini ameona mengi zaidi." Nami zamani nalijibu hivyo. Leo sijibu upesi.

Siku hizi safari za ng'ambo zimekuwa sifa kubwa kati yetu. Mtu akirudi, hata kama alikaa siku nne tu, watu humpokea kwa shangwe, na picha zake huzunguka katika simu za kijiji kizima. Sisemi kwamba kusafiri ni vibaya. Wazee walisema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, na neno lao ni la kweli. Tena wako wanaokwenda kwa ajili ya masomo, au matibabu, au biashara. Hao wana haja yao, wala siwanenei hapa. Nanena habari ya safari ya kutazama tu, hasa ile tunayoifanya ili tutazamwe sisi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana haifai mwalimu kusahihisha madaftari ya wengine na hali lake limejaa makosa. Miaka michache iliyopita nalikopa shilingi 3,000,000 katika chama cha akiba na mikopo, nikaenda Dubai kwa siku tano. Nikasimama chini ya jumba liitwalo Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo urefu wake ni mita 828, nikapigwa picha. Nikaingia madukani, nikatoka mikono mitupu. Kisha nikarudi kwetu, katika wilaya ya Muheza, nikaenda kumwamkia baba yangu.

Baba akaitazama ile picha kwa utulivu, akaniuliza, "Mwanangu, nasikia nchi hiyo ni mchanga mtupu. Watu wengi hivi hunywa maji ya wapi?" Sikujua. Akauliza tena, "Na hao waliojenga jumba hili ni wenyeji au wageni?" Sikujua. Baadaye nalisoma kwamba maji yale hutoka baharini, yakatolewa chumvi kwa mitambo, na kwamba wajenzi wengi walitoka Bara Hindi na nchi zilizo karibu nayo. Lakini hayo naliyasoma hapa nyumbani, wala sikuyaona huko nilikokwenda kwa fedha nyingi.

Kisha baba akasema, "Vema. Mimi sijapata kufika hata Amani. Babu yako alifanya kazi kule wakati wa Waingereza, akitunza vitalu vya miche. Bila shaka miti aliyoipanda imekuwa mikubwa sasa. Siku moja unipeleke." Toka Muheza mjini mpaka Amani hazipati kilomita 40. Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Lakini mshahara wangu ulikuwa ukikatwa kwa ajili ya lile deni, nami kila mwezi nikasema, mwezi ujao. Deni lilikuwa la miezi 24. Kabla halijaisha, baba akapatwa na kiharusi, miguu yake ikaisha nguvu.

Mwaka uliofuata sisi walimu tuliazimu kuwapeleka watoto wa darasa la sita kuona Amani. Watoto walikuwa 46, na walimu 3. Gharama zote, yaani basi la kukodi na ada za kuingia, zilikuwa shilingi 620,000. Wazazi wenye fedha walitoa fedha. Wasio nazo walileta mihogo na mayai, ikawa ndiyo chakula chetu cha njiani. Na pungufu tulilijaza sisi walimu. Basi fikirini, fedha nilizozitumia peke yangu kwa siku tano zingaliwatosha watoto wale wote karibu mara tano.

Tulifika Zigi, mahali palipokuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani, tukapanda mlima kwa barabara yenye kona nyingi, chini ya miti mirefu. Mzee mmoja, kiongozi wa wageni, alitueleza kwamba Wajerumani walianzisha chuo chao cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, wakaleta miti ya nchi nyingi ili waijaribu katika udongo wetu. Akatuonyesha mti ambao magome yake ni asili ya kwinini, dawa ya homa ya malaria iliyookoa watu wengi. Akatuonyesha msambu, mti wa asili wa milima yetu, ambao mbegu zake zina mafuta yanayouzwa. Watoto waliuliza maswali mpaka mzee yule akacheka, akaketi juu ya jiwe apate kupumzika.

Hapo tukamkuta mama mmoja wa Ulaya amepiga magoti mbele ya mwamba wenye umajimaji, akitazama ua dogo la rangi ya zambarau. Akaniuliza kwa heshima, kwa kuwa aliniona ni mwalimu, "Ninyi wenyeji mnaliitaje?" Nikanyamaza, na watoto 46 wakinitazama. Yule mzee akatueleza kwamba mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, aliliona ua hilo katika nchi hii, akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani, nalo likaitwa Saintpaulia kwa jina la jamaa yao. Leo uzao wake umo katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mgeni amevuka bahari aje kuliona linapoota lenyewe, nami sijapata kuliona, na hali lamea mwendo mfupi toka kwetu.

Jioni ile nalikwenda kwa baba, nikaketi kando ya kitanda chake. Akaniuliza maswali kama kawaida yake: vitalu vilikuwa upande gani, maji yatoka wapi, miti ya wageni imezaa au haikuzaa. Safari hii naliweza kujibu, kwa maana nami naliuliza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeeleza vizuri. Lakini ningalipenda kwenda kwa miguu yangu." Sina jawabu la neno hilo mpaka leo.

Basi, kwa nini twadharau yaliyo karibu? Mimi naona sababu ni mbili. Ya kwanza, ya karibu hayatuletei sifa. Nani atamsifu mtu aliyekwenda kijiji cha pili? Nathanaeli alipoambiwa habari za Nazareti aliona mashaka kama chema chaweza kutoka huko. Naye alikuwa mtu wa Kana, mji wa Galilaya vilevile, si mbali sana. Huenda ujirani ndio uliompofusha. Ya pili, twadhani kwamba kuona ni kazi ya nauli. Sivyo. Nauli huuchukua mwili tu. Kuona ni kazi ya moyo unaouliza. Asiyeuliza kwao hatauliza ugenini, ataishia kupigwa picha kama mimi.

Labda mtu atasema, "Kwetu hakuna cha kuona." Nami namwambia, ulizeni kwanza. Watu wa Tanga wana mapango ya Amboni karibu na mji wao. Wana Tongoni pia, kusini mwa mji, penye gofu la msikiti na makaburi yapata 40 ya Waswahili wa zamani. Karibu na pwani hiyo, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto moja ya merikebu zake alipokuwa akirudi toka Bara Hindi, maana mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa, waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Watu wa Pwani wana Bagamoyo, ambako mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa na Chuma na Susi na wenzao, waliouchukua safari ndefu toka bara. Watu wa Kondoa wana michoro ya kale juu ya miamba ya Kolo. Tena kila mwaka tarehe 8 Agosti yako maonyesho ya wakulima, ambapo mtu aweza kuona mbegu na mifugo bora kwa siku moja na kurudi nyumbani na maarifa ya shambani.

Mwingine atasema neno zito zaidi: "Mwalimu, wataka maskini waridhike na vijiji vyao, na matajiri waende ng'ambo?" Hasha. Sipendi mtu yeyote afungiwe mlango. Kijana wetu akiweza kwenda mbali bila deni, na aende, afungue macho. Nasema tu kwamba aanze nyumbani, kwa sababu mbili. Asiyejua nyumba yake hana cha kulinganisha na nyumba ya mwenziwe, wala hana cha kumweleza mwenyeji wake akiulizwa. Na tena, mahali pasipotembelewa na wenyewe hapana mlinzi. Msitu tusioujua twaukata kwa kuni. Kaburi tusilolijua twachukua mawe yake kujengea. Watoto wale 46 sasa wajua mti wa kwinini. Siku mtu atakapokuja na shoka, watasema neno.

Kwa hiyo shauri langu kwenu, ndugu zangu, ni dogo. Chagueni siku moja katika mwaka. Nendeni pamoja, jamaa nzima au darasa zima, maana safari ya karibu ina heri hii, kwamba hata mwenye mihogo tu aweza kwenda. Kabla ya kutoka, waulizeni wazee habari za mahali pale, mkifika, ulizeni, mkirudi, waelezeni waliobaki. Na kabla hujaenda kukopa fedha za safari ya ng'ambo, mwulize kwanza baba yako au mama yako ni mahali gani pa karibu ambapo hajapata kupaona, ukampeleke angali na miguu.