Visima vya Isaka na Barafu ya Mbali

Ujumbe wa Jumapili, kutoka kwa Mchungaji Msaidizi
Masomo: Mwanzo 9:8-17, Mwanzo 21:25, Mwanzo 26:12-22



Kuna swali ambalo limeulizwa kwenye ushirika wa nyumbani, na ni swali zuri. Mtu amesikia redioni kwamba barafu ya Greenland na ya Antaktika inayeyuka na bahari inapanda. Anasema, "Pasta, si Mungu alimwapia Nuhu kwamba hakuna gharika tena? Basi sisi tunaogopa nini?" Mwingine anasema, "Hizo ni dalili za siku za mwisho, tungojee tu Bwana." Na wa tatu, huyu anaongea polepole, anasema, "Mimi ni mtu wa bara. Transfa yangu ikitoka naenda zangu. Hii bahari ni ya wenyewe."

Leo tuwajibu wote watatu kwa Neno.

1. Agano linasema nini?

Soma Mwanzo 9 taratibu. Mungu anaahidi kwamba maji ya gharika hayataangamiza tena kila chenye mwili. Ahadi hiyo imesimama, na upinde wa mvua uko pale kila masika kutukumbusha. Lakini nionyeshe ni wapi palipoandikwa kwamba kisima cha Kizingitini hakitaingia chumvi. Hakuna. Kuna watu wanaomwekea Mungu sahihi kwenye mkataba ambao hakuuandika, halafu mambo yakiharibika wanamlaumu Yeye.

Sasa nisikize vizuri habari ya barafu yenyewe. Barafu inayoelea majini ikiyeyuka, bahari karibu haipandi, kwa sababu ilikuwa imeshachukua nafasi yake. Shida ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu. Ifikirie kama akaunti ya akiba: theluji ikianguka ni kuweka, ikiyeyuka na kumwagika baharini ni kutoa. Greenland kwa miaka ishirini hivi imekuwa ikitoa kuliko inavyoweka, na upungufu wake ni zaidi ya tani bilioni 200 kila mwaka. Ikiisha yote, bahari itapanda mita 7 hivi. Haitaisha kesho wala mwaka ujao, hiyo ni kazi ya mamia ya miaka na zaidi, kwa hiyo mtu asije akakuuzia hofu. Lakini kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilishapanda sentimita 20 hivi, sehemu kwa sababu ya barafu, sehemu kwa sababu maji yakipata joto yanavimba. Na kasi inaongezeka.

Ninyi mliotoka Meru na Nyeri hamhitaji kuambiwa. Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafu nyingi kuliko sasa. Leo kilichobaki ni vipande, na vingine vimetoweka kabisa.

2. Mbona inatufikia sisi?

Hapa kuna jambo la kushangaza. Barafu kubwa kama ile ina uvutano, inayavuta maji ya bahari yaje karibu nayo. Ikipungua, inayaachilia, nayo yanasogea mbali. Kwa hiyo bahari iliyo jirani na Greenland hushuka, na sisi huku karibu na ikweta tunapata zaidi kidogo ya wastani wa dunia. Mwambie jirani yako: ya mbali yanafika kwetu!

Na tuseme ukweli, moshi ulioleta joto hili wengi wetu hatukuuwasha. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia. Mvuvi wa kamba wa hapa, na dau lake, anadaiwa nini? Hiyo ni dhuluma, na Biblia haituambii tuinyamazie. Mwanzo 21:25, Ibrahimu alimkemea Abimeleki juu ya kisima kilichonyang'anywa. Alisema wazi. Nasi kwenye baraza ya chifu, kwenye vikao vya kaunti, tuseme.

3. Isaka alifanya nini?

Isaka alikuwa mgeni Gerari. Sikia hapo, mtu wa transfa: alikuwa mgeni! Wafilisti walivifukia visima vya baba yake kwa udongo. Hakukaa kungoja waombe msamaha ndipo aanze kuchimba. Alivifukua. Akachimba kingine, wakagombania, akakiita Eseki. Kingine tena, Sitna. Akaendelea mpaka Rehobothi, mahali pa nafasi. Na vile visima viwili vya kwanza, maji yake yalinywewa na nani? Na wengine. Mtu wa Mungu akipita mahali, anaacha maji.

Wazee wa Pate walilijua hili kabla yetu. Visima vingi vya kisiwa hiki vina chumvi, na si jambo la jana. Maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Ukichota kupita kiasi wakati wa ukame, au bahari ikipanda, chumvi inasogea. Ndiyo maana wenyeji walijenga jabia, wakateka mvua. Hiyo ni hekima, tuiheshimu, tujifunze kwa jirani zetu Waislamu.

4. Tufanye nini?

Kwanza, paa la kanisa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 100, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 kwa siku moja. Sasa hivi maji hayo yanamwagika mchangani tukiimba ndani. Kamati imekubali tuweke gata na tangi kabla ya masika ya Aprili. Mfereji utakuwa upande wa njia, na jirani yeyote atachota bila kuulizwa anasali wapi.

Pili, mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mizizi yake inashika matope na kuvunja nguvu ya mawimbi wakati wa bamvua. Ukijenga, usinunue boriti zilizokatwa bila kibali. Wakiitana kupanda, nenda.

Tatu, wewe unayengoja transfa: toa mchango wa tangi hata kama hutakunywa. Yeremia 29:7 inawaambia watu waliokuwa ugenini wautafute usalama wa mji waliomo. Bwana akija leo, atukute na jembe mkononi. Akikawia, mtoto wa Kizingitini atakunywa.

Tuombe: Bwana, asante kwa agano lako lisilovunjika. Tusamehe uvivu tuliouita imani. Walainishe mioyo wenye nguvu wanaoichafua dunia yako. Tupe mvua kwa wakati wake, na mikono ya kuiteka. Utupe Rehobothi hapa, sisi na majirani zetu. Katika jina la Yesu, Amina.