Mama Akisimama Kuomba Kura

Wanangu, nimeshasema sana, hata sauti imepungua. Lakini kila mama wa hapa Kate anaposimama kuomba uongozi wa kitongoji au kijiji, nasikia yale yale. Hajamaliza kujieleza, mtu kapiga mluzi. Jioni kilabuni anatajiwa wanaume asiowajua hata kwa sura. Akiwa mjane mwenye umri, kesho yake anaitwa mchawi. Nanyi mnajua hapa Ufipa neno hilo likimpata mtu haliondoki, na wapo wanawake katika nchi hii ambao limewafikisha kaburini mapema.

Mnaniambia, babu, hiyo ni siasa tu. Sikubali. Mnajua tunavyolima matuta ya ntumba: majani tunayafukia yanaoza, na msimu unaofuata mazao yanapata nguvu pale pale. Tusi nalo halipotei hivi hivi. Kuna mtu atakayelitumia kesho, naye atakuwa na panga.

Sikilizeni ya Afghanistan. Katika mji wa Kandahar, Septemba 2006, Safia Amajan alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi na mkuu wa ofisi ya mambo ya wanawake ya mkoa. Aliomba walinzi, hakupewa. Septemba 2008 akauawa Malalai Kakar, askari polisi aliyewatetea wanawake wanaopigwa majumbani. Aprili 2009 ikawa zamu ya Sitara Achakzai, mjumbe wa baraza la mkoa. Mji ule ule mmoja! Wanawake wengi wa huko walitumiwa kwanza barua za vitisho, zikiachwa usiku mlangoni. Na barua ya namna hiyo inapata ujasiri pale ambapo mwandishi anajua majirani watanyamaza. Taliban waliporudi Kabul Agosti 2021, Wizara ya Wanawake ilifutwa mwezi uliofuata. Wasichana wa shule moja ya huko, SOLA, wakahamishiwa Rwanda, jirani zetu hawa, ili waendelee kusoma.

Msiseme hayo ni ya mbali. Meru, nchini Kenya, mwaka 2007, Flora Terah aligombea ubunge. Wanaume walimvamia, wakampiga na kumtesa, akaishia hospitali badala ya jukwaani.

Halafu nani kawaambia kwamba mwanamke kuongoza si jambo la Wafipa? Wazee walitusimulia habari za Milansi, makao ya mtawala wa kale: mtawala yuko mawindoni, wakafika wanawake watatu wageni, wakakalia kigoda chake. Kutoka kwao ndiko ulikotoka ukoo wa Watwa uliotawala nchi hii. Hivyo ndivyo babu zenu wanavyowakumbuka waanzilishi wa ukoo huo. Na juzi tu, mwaka 2020, wilaya yetu hii ya Nkasi ilimpeleka Aida Khenani bungeni kwa kura za jimbo la Nkasi Kaskazini. Sisemi habari ya chama. Nasema mwanamke aliomba kura katika vumbi hili hili, akapewa.

Nanyi mnaopitisha majina ya wagombea, msijifiche nyuma ya vijana wapiga miluzi. Kumdai mwanamke mwili wake ili jina lake lipite ni rushwa ya ngono. Imeandikwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hiyo ni jinai, hata mkiiita mazungumzo.

Mimi siwezi tena kusimama mkutano mzima, ila ninyi mna miguu. Mluzi ukipigwa, wewe uliye karibu mkemee aliyepiga palepale, hata akiwa ndugu yako. Mama akitishiwa, msimwache aende peke yake polisi Namanyere. Msindikizeni, mtoe ushahidi, na jioni mumrudishe nyumbani kwake. Wazee wenzangu nao nawaomba: tusiusikie uongo wa kilabuni tukatazama chini.